Vishoka wa maji: aliyekufungia kichujio ana leseni gani?

Mada hii ilitolewa kwenye darasa la vijana wa chama, Arumeru. Tumeiandika karibu kama ilivyozungumzwa. Tumepunguza marudio tu.



Najua mlitegemea leo tuongelee tume ya uchaguzi. Hiyo ina mwalimu wake, anakuja wiki ijayo. Mimi nimeomba nizungumzie kitu ambacho hakijawahi kuandikwa kwenye bango la maandamano: leseni ya fundi anayekuja nyumbani kwako au shuleni kwa mdogo wako kufunga mtambo wa kusafisha maji. Naona wengine mmeshatoa simu. Nipeni dakika kumi kwanza, mkiona haifai rudini kwenye simu zenu.

Tuanze na umeme, maana huo kila mtu anaujua. Umejenga vyumba viwili, unataka TANESCO wakuunganishie. Hawaji hivi hivi. Wanataka fomu iliyogongwa muhuri na mkandarasi wa umeme mwenye leseni ya EWURA, kwamba nyaya zimefungwa sawasawa. Leseni hizo zina madaraja, mwenye daraja la chini haruhusiwi kugusa kazi ya daraja la juu. Kwa sababu utaratibu huo upo, hata lugha yetu imepata jina la anayeuvunja. Tunamwitaje?

(Sauti: Kishoka!)

Kishoka. Neno hilo lingekosa maana kama kusingekuwa na fundi halali wa kumlinganisha naye.

Sasa njoo kwenye maji. Kuchimba kisima kunahitaji leseni ya Wizara ya Maji, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Kandarasi za ujenzi ziko chini ya Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB, kwa sheria ya mwaka 1997, na mchimbaji naye wanamtambua kama mkandarasi wa kazi maalumu. Mamlaka ya maji ya mjini inapewa leseni na EWURA. Chupa ya maji unayonunua stendi ina alama ya TBS. Yaani maji yakiwa chini ya ardhi yana mwenyewe, yakiwa kwenye bomba kubwa yana mwenyewe, yakiwa kwenye chupa yana mwenyewe.

Halafu anakuja kaka mmoja na bodaboda, mtungi mweupe wa futi nne mgongoni, anaufunga kati ya simtanki lako na bomba la jikoni, anachukua laki sita, anaondoka. Muulize leseni. Atakuonyesha leseni ya biashara ya halmashauri na TIN. Vyote halali kabisa. Lakini leseni ya biashara ukiisoma inasema mtu huyu anaruhusiwa kufanya biashara na amelipa ada. Haisemi kama anajua maji. Muuza viatu anayo hiyo hiyo.

Mtu atauliza, kwani kuna shida gani? Kichujio si kichujio tu? Hapa Arumeru, ndugu zangu, swali hilo tusingepaswa kuliuliza.

Mnajua kilicho kwenye maji yetu. Miamba ya volkano ya Mlima Meru ina floraidi nyingi, maji yanapita humo, yanaibeba. Mto Maji ya Chai ni wetu huu hapa. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Nchi yetu kwa vijijini iliwahi kuruhusu hadi 8, baadaye ikashusha hadi 4, na sasa kiwango cha TBS nacho ni 1.5. Sisemi wale wa zamani walikuwa wabaya. Waliangalia visima vilivyopo wakaona wakiandika 1.5 watafunga nusu ya vijiji. Ila lieleweni jambo hilo vizuri: kwa miaka mingi, maji ambayo daktari wa Geneva angeyakataa, karatasi yetu iliyaita salama.

Madhara yake hamhitaji mimi niwaeleze. Kila mmoja humu ana ndugu anayecheka amefunika mdomo kwa mkono. Meno yanaharibikia ndani ya fizi, mtoto akiwa mdogo, yale ya ukubwani yakiwa bado yanajiunda. Yakishatoka na ule ukahawia, hakuna mswaki wa kuuondoa. Na wapo watoto wa vijiji hivi ambao miguu imepinda kabisa, mifupa imeingiliwa. Tena kuna magadi tunayoweka kwenye makande, nayo yana floraidi yake. (Mama yangu hataki kusikia habari hii, kwa hiyo naomba msimwambie nimeisema hapa.)

(Kicheko)

Sasa mzazi mwenye uchungu na meno ya mwanae ni mteja mzuri sana. Na hapo ndipo kishoka wa maji anapoingia.

Niwaambie anavyofanya kazi, maana wengine mmeshamwona. Anakuja na glasi mbili. Moja anajaza maji ya bomba lako, ya pili maji yaliyotoka kwenye mashine yake. Anatumbukiza kifaa chenye vijiti vya chuma, anachomeka kwenye umeme. Baada ya dakika moja maji yako yamekuwa kahawia, yana mapovu na matope ya kutisha. Ya kwake meupe. Anakwambia, "Mama, hiki ndicho wanachokunywa wanao." Mama anatoa hela ya ada ya shule.

Ule uchafu si wa kwenye maji. Ni kutu. Umeme unapita kwenye maji yenye chumvichumvi, unakula kijiti cha chuma, kutu inamwagika ndani ya glasi. Maji ya mashine yake hayana chumvi, umeme haupiti, kijiti hakiliki. Basi. Siku akija kwenu, mwombe kwa heshima aweke chumvi kidogo ya mezani kwenye ile glasi yake safi, halafu achomeke tena. Mtaona anavyokumbuka ghafla kwamba ana mteja mwingine Tengeru.

Au anakuja na kikalamu cha kupimia. Anachovya, inatokea namba, 400. Anachovya kwenye maji yake, 20. Kile kikalamu kinapima jumla ya chumvi zote zilizoyeyuka. Floraidi hakiijui. Unaweza kuwa na maji ya namba ndogo yenye floraidi ya kuharibu meno, na maji ya namba kubwa ambayo hayana shida yoyote ya meno. Floraidi ina kipimo chake, na Wizara ya Maji ina maabara za ubora wa maji zinazoufanya.

Lakini kinachonisumbua zaidi siyo yule tapeli. Tapeli ukimjua umemaliza. Kinachonisumbua ni fundi mwaminifu, kijana mwenzetu, ambaye hajafundishwa. Anafunga kwa moyo safi kitu ambacho hakifanyi kazi.

Kuna mitambo inayoitwa ya kulainisha maji. Inaondoa kalisi na magnesi, yale madini yanayofanya sabuni isitoe povu na birika liote magamba meupe. Kazi nzuri kwa mwenye maji magumu. Floraidi inapita humo kama mgeni aliyealikwa. Na maji yetu yenye floraidi nyingi kwa kawaida yana kalisi kidogo, yaani ni laini tayari. Oga uone povu linavyokataa kutoka mwilini. Kwa hiyo ukimfungia mtu wa Maji ya Chai mtambo wa kulainisha, umemuuzia mwavuli mtu aliye ndani ya nyumba. Mkaa wa kawaida wa kuondoa harufu, vilevile, usiutegemee kwa floraidi. Kuchemsha, usiseme: mvuke unaondoka, floraidi inabaki sufuriani, imeongezeka nguvu.

Vinavyofanya kazi vipo. Mkaa wa mifupa ya ng'ombe unaishika floraidi, na kituo cha Ngurdoto cha Wizara ya Maji, hapa hapa wilayani kwetu, kimefanya utafiti huo kwa miaka mingi. Lakini mifupa ina masharti yake. Ukiichoma kwa moto mdogo, maji yatanuka na kubadilika rangi. Ukiichoma kwa moto mkali kupita kiasi, inapoteza uwezo wa kushika. Kisha mkaa unajaa. Kama ndoo. Ukishajaa, maji yanatoka na floraidi yake yote, na ladha haibadiliki, rangi haibadiliki, mama anaendelea kuchota akijua yuko salama. Fundi ambaye hakupima maji mwanzoni hawezi kukwambia mkaa wako utajaa baada ya lita ngapi. Anakwambia "miaka mitano, dada." Ameitoa wapi hiyo mitano?

Zile mashine za utando, mafundi wanaziita RO, zinaondoa floraidi vizuri. Watu wa Dar wanazijua kwa visima vya chumvi. Ila kila mashine ya aina hiyo inatoa maji mawili, ya kunywa na ya kutupa, na yale ya kutupa yamebeba kila kilichoondolewa. Nimeona nyumba ambako bomba la kutupa limeelekezwa kwenye bustani ya mchicha. Na mchicha unaliwa na nyumba hiyo hiyo.

Kwa hiyo kufunga mtambo wa maji ni ufundi. Una kupima kabla, kuchagua, kufunga, kupima baada, kurudi kubadilisha, na kujua taka inakwenda wapi. Na sisi hapa tuna chuo cha Nelson Mandela pale Tengeru, ambako Dk. Askwar Hilonga alibuni kichujio chake kilichoshinda tuzo ya Africa Prize ya wahandisi wa Uingereza mwaka 2015. Akili ipo, kilomita chache kutoka hapa tulipokaa. Kinachokosekana ni daraja kati ya akili ile na kijana mwenye bodaboda.

Nikajiuliza, kuna mahali kazi hii ina leseni yake yenyewe, kwa jina lake? Ipo. Jimbo la California, Marekani, bodi yao ya leseni za makandarasi ina daraja linaloitwa C-55, maalumu kwa mkandarasi wa kutibu maji. Sheria imeandika hadi mpaka wa kazi yake: anaruhusiwa mabomba na viungio vile tu vinavyohitajika kuunganisha mtambo na kupitisha pembeni maji yasiyotakiwa kutibiwa. Haingii kujenga bafu zima la mtu.

Anaipataje? Sikilizeni hapa, maana ndiyo sababu ya mimi kuwapeleka mbali kiasi hicho. Anatakiwa awe na uzoefu wa miaka 4 kwenye kazi hiyo, ndani ya miaka 10 iliyopita, na mtu aliyemwona akifanya kazi kwa macho yake athibitishe. Masomo yanaweza kuhesabiwa kama sehemu ya uzoefu huo, lakini shahada si lazima. Anafanya mitihani miwili: wa ufundi wenyewe, na wa sheria na biashara. Anachukuliwa alama za vidole. Anaweka dhamana ya dola 25,000, ambayo haitoi yote mfukoni. Analipia kampuni ya dhamana, na mteja aliyeharibiwa kazi ana pa kudai. Namba ya leseni lazima iandikwe kwenye kila tangazo lake, na mteja akiingiza namba hiyo kwenye tovuti ya bodi anaona kama leseni iko hai. Kwa kazi za nyumbani haruhusiwi kuchukua malipo ya awali zaidi ya asilimia 10 ya bei au dola 1,000, ile iliyo ndogo. Na kazi ndogo, chini ya dola 1,000 tangu mwaka 2025, isiyohitaji kibali na asiyeajiri mtu wa kumsaidia, inaweza kufanyika bila leseni.

Simaanishi California ni peponi. Matapeli wanao, na ule mchezo wa glasi mbili haukubuniwa Usa River. Lakini angalieni wanachouliza: unajua kazi? Nani alikuona ukiifanya? Ukiharibu, mteja anamdai nani?

Sisi tukisikia neno leseni, tunafikiria nini? Foleni. Dirisha. "Rudi kesho." Bahasha. Nakubali. Na kuna kamanda mmoja aliniambia kabla ya kuanza, "Kaka, wewe unataka kuwapa silaha. Ukiweka leseni, vijana wa mtaani wataondolewa, watabaki wenye makampuni." Hoja yake ni nzito, na sitaki kuipita juu juu.

Mfumo wetu wa usajili wa makandarasi unampanga mtu kwenye madaraja kwa kuangalia pamoja na mambo mengine mtaji, vifaa na wataalamu alionao. Kwa barabara na maghorofa, sawa kabisa, hutaki mtu mwenye koleo moja ajenge daraja la mto. Lakini ukichukua mfumo huo ukaubandika kwa kijana anayefunga kichujio cha nyumba moja, umemuua kabla hajazaliwa. Hatakuwa na mtaji, hatakuwa na mhandisi wa kumwajiri. Atabaki kishoka, safari hii kwa nguvu ya sheria, na askari atajua pa kumkamata mwisho wa mwezi. Kwa hiyo tukidai leseni bila kusema leseni ya namna gani, kamanda yule yuko sahihi na mimi nakaa chini.

Ninachopendekeza tukidai kama vijana wa chama hiki ni leseni inayopima ujuzi. Mtaji uwekwe pembeni kwa kazi za ngazi ya kaya. Na hatuanzi sifuri. VETA tayari wana utaratibu wa urasimishaji wa ujuzi: fundi aliyejifunza mtaani anapimwa, anajaziwa mapengo kwa mafunzo mafupi, anapewa cheti. Mafundi bomba wamepita humo. Ongeza juu yake somo la maji: kupima, floraidi, mkaa wa mifupa, utando, taka. Somo hilo likiandikwa na watu wa Ngurdoto na Nelson Mandela, sioni nani atabisha. Mwenye cheti apewe leseni na namba, namba iwekwe kwenye mtandao, bure, mama aitafute kwa simu yake. Malipo ya awali yawekewe kikomo. Na hakuna kazi kukamilika bila karatasi mbili za maabara, ya kabla na ya baada. Kishoka anaogopa karatasi ya pili kuliko polisi.

Dhamana ndiyo ngumu. Kijana wa laki mbili hana dhamana ya mamilioni, wala benki haimjui. Nafikiri kikundi kinaweza kubeba dhamana ya pamoja, kama vikoba wanavyodhaminiana. Kwenye hili nataka mawazo yenu, hasa nyie mliosoma uhasibu.

Na fedha zipo, makamanda, tusidanganyane. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na kati ya hizo 10, asilimia 4 ni ya vijana. Sheria ya ununuzi wa umma inatenga asilimia 30 ya manunuzi ya taasisi za serikali kwa makundi maalumu, na vijana wamo. Shule ya msingi inayohitaji kichujio ni mteja wa serikali. Sasa kwa nini kikundi cha vijana wa kata hii, wenye cheti, wasiifunge na kuihudumia kila miezi sita? Jibu ni kwamba cheti hicho hakipo, kwa hiyo zabuni inaandikwa "mtambo wa kusafisha maji, 1," anashinda mwenye bei ya chini, anafunga, anapigwa picha na mgeni rasmi, mkaa unajaa mwezi wa nane, na mtambo unabaki pale kama sanamu. Zungukeni shule za huku mtaviona.

Najua mtasema chama tawala kitajibu kwamba wameleta mradi mkubwa wa maji Arusha. Wameleta, na mjini umesaidia, tusiwe watu wa kukataa kila kitu. Lakini bomba lile haliingii kila kitongoji cha Meru, na hadi litakapofika, watu wanaishi kwa kisima, mto na boza. Meno ya mtoto hayasubiri awamu ya pili.

Kazi ya wiki hii. Kila tawi lichague shule moja. Muombeni mwalimu mkuu kwa adabu, bila sare za chama, tusimletee matatizo na mkurugenzi. Andikeni: kuna mtambo? Ulifungwa mwaka gani? Na nani? Mara ya mwisho maji yamepimwa lini, karatasi iko wapi? Kama mkaa, umebadilishwa lini? Chupa mbili za sampuli, moja kabla ya mtambo, moja baada, chupa za plastiki zilizooshwa kwa maji hayo hayo, mziandike jina na tarehe. Tutachanga ada ya maabara, mhazini ana daftari pale mlangoni. Majibu yakirudi tunampelekea diwani kwanza, hata kama si wa kwetu, tunampa siku kumi na nne, ndipo tunaitisha waandishi.

Na kama humu kuna mtu anayefunga hii mitambo, naomba abaki baada ya kikao. Sitaki kumuumbua. Nataka yeye ndiye atuandikie maswali ya mtihani wa kwanza.

Haya, maswali. Naanza na dada pale nyuma mwenye kitambaa cha kijani, ulinyoosha mkono muda mrefu.